MJADALA: Halmashauri zetu ziendelee kuua mbwa wa mitaani kwa sumu na risasi, au zinunue chanjo?

Wakuu habari za jioni. Kuna jambo limenikaa moyoni wiki ya pili sasa na naomba tulijadili kwa utulivu, najua wengine mtanikasirikia lakini someni mpaka mwisho ndo mseme.

Mtaani kwetu jioni moja lilipita gari la matangazo, kila mwenye mbwa amfungie ndani maana kesho kuna zoezi la kuondoa mbwa wanaozurura. Alfajiri kama saa kumi na moja vikatupwa vipande vya nyama vyenye sumu kule jalalani na nyuma ya mabucha. Mimi natoka nawahi daladala nakutana na yule mbwa jike anayelalaga pale kwa mama muuza vitumbua, mtaa mzima unamjua, kalala ubavu miguu imekakamaa kama vijiti, mwili unarushwarushwa, povu mdomoni, na macho yako wazi kabisa anakuona. Haikuwa dakika moja wala mbili. Watoto wa shule wamesimama wamemzunguka na mifuko yao mgongoni, wawili wanamrushia mawe na hamna mtu mzima anawakataza maana si serikali imesema auawe. Vibwa vyake vinne viko chini ya meza ya vitumbua vinalia. Mama wa watu kashindwa hata kuwasha jiko siku ile. Jioni jirani anaokota kuku wake wamekufa, paka wa nyumba ya tatu naye vilevile.

Siutaji mji kwa sababu hii kitu mnaijua, kwingine ni sumu kwingine ni bunduki, na kila mara maelezo ni yaleyale kwamba wanazuia kichaa cha mbwa na kulinda watoto. Sasa hapo ndo nataka tubishane kwa hoja. Mimi msimamo wangu ni kwamba njia hii ni ya kikatili na pia HAILINDI mtoto wa mtu yeyote, na wakuu wa miji yetu wanatakiwa waache.

Nianze na sheria kwa kifupi. Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na humo kumtesa mnyama ni kosa. Haisemi ukimtesa ukiwa umevaa kizibao cha halmashauri basi ni sawa. Ile sumu niliyoona inafanya kazi haizimi akili kwanza, mnyama anabanwa misuli na pumzi huku ana fahamu zake. Kama hiyo sio mateso basi sijui neno mateso lina maana gani.

Haya kichaa chenyewe. Mimi siuchukulii poa huu ugonjwa jamani, dalili zikishaanza mtu haponi, karibu wote wanakufa, na dunia nzima inakadiriwa watu kama 59,000 kila mwaka, wengi mno Afrika na Asia. Hapa kwetu makadirio yanayotajwa sana ni watu kama 1,500 kwa mwaka, na watoto ni wengi kati ya wanaong'atwa. Na karibu kesi zote za binadamu zinatoka kwa mbwa, kwa hiyo wanaosema tatizo ni mbwa hawajakosea. Wanapokosea ni kwenye dawa yake. Wataalam wa afya na wa mifugo wameshakubaliana miaka mingi kwamba kinachokata mnyororo ni kuchanja mbwa wasiopungua 70 katika kila 100 wa eneo, tena kurudia kila mwaka au kila baada ya muda maana wanazaliwa wapya. Ukifika hapo kirusi kinakosa pa kwenda.

Ukiua je? Ukiua mbwa 200 mtaani na jalala bado lipo, utumbo bado unatupwa nyuma ya bucha, nafasi inabaki wazi na chakula kipo, wanaingia wengine kutoka mitaa ya jirani ambao huwajui na hawajawahi kuona sindano, na waliobaki wanazaa, jike anabeba mimba kama miezi miwili tu alafu anashusha vibwa vinne, sita. Kibaya zaidi wanaokufa wa kwanza ni wale wapole waliozoea watu wanaosogea kupokea nyama, na humohumo wanakufa waliokuwa wameshachanjwa. Yaani umechoma hela ya chanjo ya mwaka jana kwa mikono yako. Na wenye mbwa wakisikia gari la matangazo wanafanya nini, si wanawapakia wanawapeleka kwa ndugu kijijini, kama kuna mmoja ana ugonjwa umeshausafirisha.

Kisiwa cha Bali kule Indonesia waliingiliwa na kichaa cha mbwa mwaka 2008. Wakakimbilia kuua, mbwa makumi ya maelfu, ugonjwa ukawa unasambaa na watu wanakufa. Walipogeukia kuchanja kisiwa kizima ndo vifo vikaanza kushuka.

Lakini kwa nini niende mbali wakati tuna Pemba. Wapemba wengi humu mtakuwa mnajua kuliko mimi. Pale ilianza kampeni ya kuchanja mbwa mwaka 2010, wakapita shehia kwa shehia, kufika 2014 kichaa cha mbwa kikakatika. Mwaka 2016 kikaingia tena kutoka nje ya kisiwa, na hii ndo sehemu naipenda kuieleza, walirudi na chanjo na kufuatilia kila aliyeng'atwa na kila mbwa aliyemng'ata, mwaka 2018 kikakatika mara ya pili. Pemba ile ile ambayo watu wengi hawafugi mbwa na wengine hata kumgusa hawataki. Hawakulazimika kuwapenda, waliwachanja tu. Na kule Serengeti na Bunda chanjo za mbwa vijijini zimepunguza ugonjwa kwa binadamu na mpaka kwa wanyama wa porini zinasaidia. Kwa hiyo mtu asiniambie haya ni mambo ya Wazungu.

Kitu kingine, hawa tunaowaita mbwa koko wengi wana wenyewe. Watafiti waliohesabu nyumba kwa nyumba huku kwetu wanakuta hivyohivyo, mbwa ana mwenye nyumba, usiku analinda, mchana kaachiwa atafute riziki jalalani. Ukipiga tangazo la chanjo Jumamosi pale shule ya msingi, watoto wenyewe wanawaleta na kamba za katani. Nimeona kwa macho yangu foleni ya mbwa na watoto inazunguka uwanja wa mpira, tangu asubuhi mpaka dawa zinaisha.

Naomba hoja.

*

Nimerudi wakuu, nimesoma michango yote, nijibu michache.

Kuna ndugu kaandika mwanae wa miaka saba aling'atwa usoni akienda madrasa, zahanati ya kwanza hawana dawa, ya pili hawana, mpaka hospitali ya mkoa, kakopa hela ya sindano na nauli, alafu anakuja mtu anamtetea mbwa. Kaka pole sana, na sitaki uone kwamba mimi niko upande wa mbwa dhidi ya mwanao. Naomba tu uangalie tarehe. Umesema mwenyewe hapo kwenu mbwa walipigwa risasi mwaka juzi. Mtoto kang'atwa mwaka huu. Zile risasi zilimlinda vipi? Kama mbwa aliyemng'ata angekuwa kachanjwa usingelala macho wiki nzima ukimwangalia mtoto kama anaogopa maji. Sindano moja ya mbwa ni hela ndogo mno ukilinganisha na sindano za binadamu ambazo lazima zirudiwe siku tofauti na kila siku nauli. Na kwa wengine wanaosoma, mtoto aking'atwa osha jeraha palepale kwa maji yanayotiririka na sabuni robo saa nzima alafu hospitali siku hiyohiyo, msipake pilipili wala mafuta ya taa wala kungoja muone.

Mwingine kasema mbwa ni najisi, tunajadili nini. Mkuu mimi ni Muislamu, najua kuosha chombo alichoramba mbwa mara saba. Lakini najua pia tumefundishwa habari ya yule mtu aliyemkuta mbwa anaramba udongo kwa kiu, akashuka kisimani akajaza kiatu chake maji akamnywesha, Mungu akamsamehe. Mate yake ni najisi, hilo ni la tohara na vyombo. Kumuua kwa sumu mbele ya watoto ni suala lingine kabisa.

Dereva bodaboda mmoja kaleta hoja ambayo naikubali, kwamba usiku wanakimbiza pikipiki kwa kundi na mwenzake alianguka akavunjika mguu. Hapo sina cha kupinga, mbwa anayeonekana ana dalili za kichaa au aliyethibitika ni mkali akamatwe na auawe na daktari wa mifugo kwa sindano, haraka, bila kuteswa. Hata mimi nitasaini. Ninachokataa ni kuua mtaa mzima kwa kosa la mmoja. Na yale makundi yanakaa wapi, si pale taka hazijazolewa wiki mbili? Dampo likisimamiwa na wenye mabucha wakibanwa kuhusu mabaki, kundi linapungua lenyewe.

Aliyeniuliza hela itoke wapi, mimi nauliza ile ya risasi, sumu, mafuta ya gari na posho za zoezi inatoka wapi? Ianzie hiyo. Afisa mifugo kila kata yupo au alitakiwa awepo, anajua mitaa yake. Dunia imejiwekea mwaka 2030 iwe imemaliza vifo vya binadamu vya kichaa cha mbwa na sisi tumo, kila Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, mabango yanatoka, basi bango liandamane na boksi la chanjo. Jike akifungwa kizazi siku hiyohiyo ya chanjo itakuwa vizuri zaidi, najua hiyo ni ghali, waanze na chanjo kwanza.

Dada aliyesema sisi wenye mbwa ndo tatizo, hapo kweli tupu. Unafuga mbwa hujawahi kumchanja, huna hata kola, akizaa unabeba vibwa kwenye kiroba unakwenda kutupa sokoni. Halmashauri ikipitisha sheria ndogo ya kusajili mbwa na faini kwa anayetelekeza mimi nitakuwa wa kwanza kulipa ya kusajili.

Mwezi ujao baraza la madiwani letu linakaa kwenye bajeti. Tuko watu kumi na mmoja mpaka sasa tunaandika barua kwa diwani, tunaomba vitu viwili tu, sumu isitumike tena mtaani na kuwe na siku ya chanjo bure kila kata mara moja kwa mwaka. Mama wa vitumbua kasaini wa pili, vibwa viwili kati ya vile vinne bado anavyo, anavipa uji. Nataka niambatanishe na mifano ya miji mingine kwa hiyo naombeni mniandikie hapa, kwenu mara ya mwisho kupita chanjo ya mbwa ilikuwa mwaka gani, ilikuwa bure au mlilipia, na mara ya mwisho kupita zoezi la kuua ilikuwa lini.