Mrejesho: kulinda video kwenye seva yangu

Wakuu, niliuliza namna ya kuzuia tovuti nyingine kubandika linki za video zangu na kunimalizia bandiwidhi ya seva (kiasi cha data inachoweza kutuma). Asanteni sana mliojibu.

Ushauri wa kukagua Referer (taarifa ambayo kivinjari hutuma kuonyesha mtazamaji ametokea ukurasa gani) haukufua dafu: ni rahisi kuighushi, na vivinjari vingine haviitumi kabisa, kwa hiyo waliofungiwa ni watazamaji wangu halali. Kilichosaidia ni secure_link, moduli ya Nginx (programu ya seva ya wavuti) inayokagua uhalali wa linki. Kila linki sasa ina saini (msimbo unaothibitisha kuwa haijabadilishwa) na muda wa kuisha. Ikichakachuliwa seva inajibu 403 (hairuhusiwi), ikipitwa na muda 410 (haipo tena). Ila muda usiwe mfupi mno, maana kivinjari huomba faili vipande vipande, na muda ukiisha kabla ya kipande cha mwisho, video hukatika katikati. Kurekodi skrini bado hakuzuiliki, hilo nimeachana nalo.