UKOO WA KIBOSHO – KIKAO

Shangazi Flora, 18:12
Jamani habari za jioni. Kikao ni Jumamosi saa nne kamili kwa Babu. Mchango wa mfereji bado naona majina yale yale ya kila siku. Kelvin, faili la hesabu limefunguka?

Shangazi Flora, 18:31
Kelvin?

Shangazi Flora, 18:32
Naona tiki za bluu.

Kelvin Dodoma, 18:40
Shikamoo shangazi. Nimeingia kwenye kompyuta ya dukani Moshi nikiwa huku huku. Nafungua faili kwa gpg, ile programu niliyolifungia kwa nenosiri. Naandika
gpg -d hesabu.gpg
inakaa kimya, hainiulizi nenosiri, halafu inaniletea "Operation cancelled". Na sijaghairi kitu.

Godi, 18:41
Meku, imekususia kama kamati ilivyomsusia Baba Neema 😂

Baba Neema, 18:44
Godi usinianze.

Shangazi Flora, 18:45
Hatujafika huko. Kelvin, tupia hiyo paswedi hapa, Godi aende dukani akafungue.

Kelvin Dodoma, 18:47
Hapana shangazi. Humu wengine hata hatujui ni nani.

Godi, 18:47
Kweli, huyu mwenye picha ya Land Cruiser ni wa nani?

Shangazi Flora, 18:50
GODI. Mchango wako.

Mama Neema Dukani, 19:26
Samahani nilikuwa na wateja. Kelvin, kuna kisanduku kinatokea hapa kwenye kioo kinataka passphrase. Ni chako? Kila kikija nabonyeza Cancel, nilijua virusi.

Godi, 19:26
🤣🤣🤣🤣

Kelvin Dodoma, 19:29
Mamdogo!! Kumbe ni wewe! gpg haiulizi yenyewe. Inamtuma msaidizi wake, gpg-agent, naye anaita kijiprogramu cha kuuliza nenosiri, pinentry. Huyo agent aliwaka mlipowasha kompyuta hapo asubuhi, basi swali analileta kwenye kioo chenu, mimi huku nangoja.

Mama Neema Dukani, 19:30
Sasa niandike nini?

Kelvin Dodoma, 19:30
Usiandike kitu, na usikiguse. Najaribu
gpg --pinentry-mode loopback -d hesabu.gpg
swali lije huku kwangu.

Kelvin Dodoma, 19:33
Limekuja. Imefunguka 🙏🏾

Shangazi Flora, 19:35
Asante Mungu. Ila ulipokuja likizo nilikuona unafungua mara ya pili bila kuandika chochote. Si yeyote akikaa hapo anafungua?

Kelvin Dodoma, 19:38
Agent hulikumbuka nenosiri dakika 10. Ukilitumia anaanza kuhesabu upya, lakini yakitimia masaa 2 tangu uliandike lazima aulize tena. Nikimaliza huwa namzima kabisa: gpgconf --kill gpg-agent

Baba Neema, 19:58
Kama imefunguka tazama msiba wa Bibi. Ng'ombe. Pameandikwa nini?

Kelvin Dodoma, 20:03
Bamdogo, pameandikwa "ng'ombe 1, wanaukoo".

Baba Neema, 20:03
Mnaona.

Shangazi Flora, 20:04
Hilo lina mahali pake.

Baba Neema, 20:05
Dada Flora, mahali pake wapi? Mwaka wa ngapi huu?

Babu, 20:21
Wanangu. Yule ng'ombe nilimfunga kamba mimi mwenyewe. Alitoka zizini kwa Baba Neema. Iandikwe hivyo. Na hesabu za ukoo hazikai kichwani kwa kijana mmoja. Kelvin akipata la kumpata njiani tumuulize nani?

Kelvin Dodoma, 20:44
Shikamoo Babu. Ni kweli. Hii haina pa kubonyeza "nimesahau", hata waliotengeneza programu hawawezi kukufungulia. Narekebisha la ng'ombe sasa hivi. Nenosiri nitaliandika kwenye karatasi, litiwe kwenye bahasha ya kugundishwa, mtu akae nayo.

Shangazi Flora, 20:45
Nitakaa nayo mimi.

Baba Neema, 20:45
Kwa nini wewe?

Mama Neema Dukani, 20:52
Akae nayo Babu.

Godi, 20:53
Babu ataitia kwenye koti la kanisani, mama mkubwa alifue 😂

Shangazi Flora, 20:58
Bahasha tutaiongea Jumamosi. Kelvin unakuja au huji?

Eliza, 21:47
Poleni nimeona sasa hivi. Ni Jumamosi hii au ijayo?

Shangazi Flora, 21:48
Eliza soma juu.

Godi, 21:50
Na mbege analeta nani?

Baba Neema, 21:55
Mimi safari hii simo.