Naomba ushauri: Wastoa, Wayahudi na kuwaza balaa mapema

Habari zenu ndugu. Naandaa mada ya falsafa, nimekwama. Epictetus, mmoja wa Wastoa (wanafalsafa wa kale wa Ugiriki na Roma), anafundisha kwamba ukimbusu mwanao, jikumbushe kimoyomoyo kuwa anaweza kufa (mimi kama mzazi, hilo linanishinda). Seneca, Mstoa mwingine, mji wa Lyon ulipoteketea, alimwandikia rafiki yake Lucilius kuwa tuyawaze mapema yote yanayoweza kutupata. Lakini Talmudi, mkusanyiko wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, inaonya mtu asimfungulie Shetani mdomo, yaani asijitabirie mabaya. Na bado Mishna (sheria za marabi ambazo Talmudi inazifafanua), katika sehemu ya baraka iitwayo Berakhot, sura ya 9, inamtaka amhimidi Mungu kwa baya kama kwa jema. Sura hiyo nimeirudia, sijapata jibu.

Je, onyo hilo linagusa kutamka tu, au hata kuwaza? Na kuna rabi aliyefundisha zoezi kama la Wastoa?