Besi au wolai? Mvuvi wa besi nimejaribu wolai Minnesota, tulinganishe

Mshipi_Mrefu (mleta mada, Brooklyn Park, Minnesota)

Wakuu, habari za majukumu.

Mimi ni mvuvi wa besi (bass) wa miaka mingi, hasa wale wa mdomo mkubwa kwenye maziwa madogo yanayozunguka Minneapolis. Msimu huu nimeingia kwa makusudi kwa wolai (walleye), samaki mwindaji wa maziwa na mito ya Amerika Kaskazini. Huku ndiye samaki rasmi wa jimbo tangu 1965, na ukishusha boti popote pale, swali la kwanza utakaloulizwa ni kama wolai wanakula. Naleta ulinganisho wangu ili wenye uzoefu waongezee.

Tofauti ninayoiona kubwa kuliko zote ni namna ya kumtafuta. Besi unamtafuta kwa macho. Unaona mayungiyungi, gogo lililoanguka, kivuli cha gati la mtu, unarusha hapo na unajua kwa nini umerusha hapo. Wolai hana habari na gati. Ziwani kwetu anakaa karibu na sakafu, pale changarawe inapokutana na tope, au kwenye ukingo wa mwamba uliozama unaoshuka kutoka mita 3 hadi mita 8. Ukitazama kwa juu, maji yote ni yale yale. Kazi iliyokuwa ya macho inahamia kwenye sona (kifaa cha botini kinachoonyesha sakafu na samaki) na kwenye mkono. Chubwi ikigonga jiwe, mkono unapata mdundo mkavu. Ikizama kwenye tope, mdundo unapotea na mshipi unakuwa mzito kidogo ukiinua. Nimetumia jioni nzima nikijifunza hilo tu, na ninaamini ndilo somo lenyewe.

Halafu kuna mwanga. Nyuma ya jicho la wolai kuna utando unaorudisha mwanga, ndiyo maana ukimmulika usiku macho yanang'aa. Kwenye giza anaona vizuri kuliko visamaki anaowawinda. Kwa hiyo anakula jua likizama, alfajiri, siku ya mawingu, au upepo ukitibua maji. Besi nawapata vizuri tu saa nne asubuhi jua likiwaka. Kwa wolai, saa hiyo kwenye ziwa la maji maangavu ni bora ukapumzike urudi saa kumi na mbili jioni.

Na namna anavyokula. Besi anapiga, unajua kabisa umepigwa. Kwa wolai, mara nyingi hutahisi pigo lolote. Unainua ncha ya fimbo unakuta uzito laini ambao sekunde iliyopita haukuwepo. Ukimkung'uta kwa nguvu ya besi unamnyang'anya chambo mdomoni. Shusha ncha, mwachie nafasi kidogo, kisha fagia fimbo pembeni taratibu.

Njia nilizojaribu ni jigi (ndoana yenye kichwa cha risasi) yenye kisamaki hai, ruba chini ya boya linaloteleza kwenye mshipi, kurambaza na samaki bandia (kuwavuta nyuma ya boti inayotembea), na kurusha samaki bandia anayeelea kwenye miamba ya kina kifupi baada ya jua kuzama. Maoni yangu: mvuvi wa besi aanze na hii ya mwisho. Fimbo anayo, kurusha anajua, samaki bandia wa Rapala wanaoelea pengine tayari wamo kwenye sanduku lake. Anabadilisha saa na mwendo tu: avute polepole sana, polepole kuliko anavyodhani inafaa.

Nyie mngemwelekeza wapi? Nawasilisha.

---

Jabali_la_Duluth (Minnesota)

Mleta mada umeandika vizuri, ila hapo mwisho sikubaliani nawe. Kurusha usiku kunalipa mwezi wa tano na wa sita, kisha tena majira ya baridi yakikaribia, wakati visamaki wamesogea ufukweni na wolai wamewafuata. Mwezi wa saba wengi wameshahama kwenda kwenye kina. Mtu akianza wakati huo kwa njia yako atakaa gizani bure na atamchukia samaki huyu.

Jigi ndiyo shule. Jigi moja inakupa kina, inakupa sakafu, inakupa mwendo wa samaki siku hiyo. Kanuni tunayoanza nayo huku ni gramu 3.5 kwa kila mita 3 za maji, upepo ukizidi unaongeza. Mtumbukize kisamaki ndoana kupitia mdomoni, itokeze kichwani, shusha mpaka mshipi ulegee, inua kama shibiri moja, shusha tena huku ukiufuatisha mshipi kwa macho. Asilimia kubwa ya wolai hula jigi ikiwa inashuka. Mvuvi wa besi aliyezoea mnyoo wa plastiki atalielewa hili haraka, maana ni mkono ule ule, isipokuwa hapa kila kitu kimepunguzwa: ndoana ndogo, mshipi mwembamba, subira zaidi.

---

Baba_Tausi (Toledo, Ohio)

Habari zenu wakuu. Nimesoma "wolai anakaa chini" nikaona niseme kitu. Hiyo ni kwa maziwa yenu ya huko. Sisi wa Ziwa Erie, kiangazi kikishika, wolai wengi wako katikati ya maji wakifukuza makundi ya visamaki. Ziwa lina kina cha mita 12 na samaki yuko mita 6. Ukishusha jigi mpaka chini unampita njiani.

Ndiyo maana Erie tunarambaza. Unapanga samaki bandia kwenye vina tofauti, boti inakwenda mwendo wa mtu anayetembea, unajaribu mpaka kina kimoja kijibu, kisha unahamishia yote hapo. Kwa mtu wa besi ni njia ngumu kuipenda kwa sababu hana cha kurusha, anasubiri. Lakini kwa kupata samaki wa kula nyumbani, kwangu mimi hakuna njia inayoikaribia. Bonde la magharibi la Erie lina kina kifupi, wastani wa mita 7 hivi, maji yake yanapata joto mapema na wolai wanakua haraka.

Asiye na boti asikate tamaa. Mwezi wa tatu na wa nne wolai wanapanda mto Maumee kutaga, watu wanaingia majini na suruali za mpira mpaka kiunoni. Angalizo: aliyenaswa nje ya mdomo hurudishwa majini, na askari wa wanyamapori wapo pale kila siku.

---

Mshipi_Mrefu (mleta mada)

Mzee Baba Tausi, shukrani sana. Hilo la samaki wa katikati ya maji ni la muhimu na sikuwa nimeligusa. Kwetu Minnesota kurambaza kuna kizuizi kimoja: maji yakiwa hayana barafu sheria inampa kila mvuvi mshipi mmoja tu. Mkiwa wawili botini mna vina viwili vya kujaribu kwa wakati mmoja. Huo utafutaji wako unakuwa wa polepole mno kwa mtu aliye peke yake.

Kaka Jabali, la majira nalipokea. Niseme basi hivi: kurusha usiku kwa mwezi wa tano na wa sita, kisha jigi na ruba.

---

Mwana_Naivasha (Nakuru)

Wakuu, mimi niko mbali na hao wolai, lakini besi wa mdomo mkubwa tunaye Naivasha. Waliletwa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya uvuvi wa burudani na wapo hadi leo, ingawa nyavuni karpi ni wengi kuliko wao. Dada yangu ameniita Minneapolis mwakani na nitakuja na vifaa vyangu. Fimbo nzito ya besi, rili ya juu, mshipi wa kusokotwa wa ratili 40. Vitafaa kwa wolai au ninunue vingine?

---

Jabali_la_Duluth

Ndugu wa Naivasha, acha hiyo nyumbani. Fimbo nzito haitakuonyesha jigi ya gramu 5 ikigusa changarawe, na mshipi mnene unaelea na upepo, jigi haifiki. Tafuta fimbo ya mita 2 hivi yenye ncha laini na mgongo wa wastani, rili ya kuning'inia chini, mshipi wa kusokotwa wa ratili 10, na mbele yake funga mita moja na nusu ya mshipi mwangavu wa ratili 8. Hiyo seti moja itakutosha kwa jigi, kwa ruba na hata kwa besi wa mdomo mdogo.

---

Dada_wa_Kenora (Ontario)

Nimefurahi kuukuta uzi huu. Mengi ya mbinu yameshasemwa, mimi nina la mikono.

Wavuvi wa besi mmezoea kumbeba samaki kwa kumshika mdomo wa chini kwa dole gumba. Kwa wolai msithubutu. Ana meno marefu, membamba, yaliyopishana, na kifuniko cha mashavu yake kina makali yanayokata kidole. Tumia wavu wa mkono, kisha mshike kwa nyuma ya kichwa huku mkono mwingine ukiwa chini ya tumbo, mikono ikiwa imelowa.

La pili linaniuma zaidi. Besi ukimrudisha majini kwa uangalifu, mara nyingi anapona. Wolai aliyevutwa kutoka kina cha zaidi ya mita 9 ni jambo jingine. Hewa iliyo kwenye kibofu chake inapanuka, macho yanatoka nje, tumbo linajaa, na ukimrudisha anaweza kuelea hadi afe. Kama umeshafikisha idadi yako ya siku, ondoka kwenye kina. Usiendelee kuvua "kwa raha" pale. Maji ya joto ya mwezi wa saba na wa nane nayo yanaua waliorudishwa kwa wingi. Na wale wakubwa unaotamani kupiga nao picha karibu wote ni majike, ndio mama wa ziwa.

Anayekuja Ontario ajue kuna leseni za aina mbili. Ya uhifadhi ni nafuu na katika kanda nyingi inakupa wolai 2, ile kamili inakupa 4. Kwa familia ya kawaida wawili wanatosha mlo mmoja.

---

Mshipi_Mrefu (mleta mada)

Dada, hapo umegusa jambo ninaloona watu wa besi tunapaswa kuliheshimu tunapohamia huku. Sisi tumelelewa kwenye kuvua na kuachia mpaka tunadhani kuachia ni salama kwa kila samaki na kila kina.

Tazameni Mille Lacs. Ziwa la zaidi ya kilomita za mraba 500, jina lake linajulikana nchi nzima kwa wolai, na bado kulikuwa na misimu kama wa 2016 ambapo mvuvi wa leseni ya jimbo hakuruhusiwa kubaki na wolai hata mmoja. Mavuno ya pale yanagawanywa kati ya jimbo na makabila ya Waojibwe, wenyeji wa asili wa huko, ambao haki yao ya kuvua inatokana na mkataba wa 1837, na Mahakama Kuu ya Marekani iliithibitisha mwaka 1999. Wapo wanaolalamika kuhusu hilo. Mimi naona haki ni haki, na wolai wanaokufa baada ya kurudishwa na wavuvi wa burudani nao wanahesabiwa kwenye fungu letu. Ndiyo maana kanuni za ziwa lile hubadilika kila mwaka. Zisome kabla ya kushusha boti.

Jambo jema ni kwamba Mille Lacs ile ile ina besi wa mdomo mdogo wakubwa ajabu. Wolai wakigoma mchana, mvuvi wa besi ana kazi ya kufanya mpaka jioni.

---

Mtoto_wa_Igombe (Mwanza)

Wakuu naomba kuuliza la mezani. Nasikia watu wanaendesha gari saa nyingi kumfuata huyo wolai kwa ajili ya nyama. Anamshinda sangara? Maana sangara naye ukimmulika usiku macho yanawaka, nikafikiri ni ndugu.

---

Baba_Tausi

Kijana wangu, undugu wao ni wa mbali sana. Kwa nyama wanatofautiana: sangara ana mafuta, anavumilia moshi na mchuzi mrefu. Wolai nyama yake ni nyeupe, kavu kidogo, haina harufu kabisa, na inaiva upesi. Ukiizidishia moto umeiharibu. Mimi napaka minofu chumvi na ndimu, nachovya kwenye unga wa mahindi, nakaanga dakika chache kila upande, ugali pembeni. Usitupe kichwa kabla ya kutoa nyama ya shavuni, ni vipande viwili vidogo vya mviringo, wanangu wanavigombania.

Kwa chakula chukua wa inchi 15 hadi 18. Wakubwa wana zebaki nyingi zaidi mwilini. Huko Minnesota Idara ya Afya ina mwongozo wake maalumu kwa wajawazito na watoto wa chini ya miaka 15, wenye familia mkausome.

---

Mwana_Naivasha

Asanteni nyote, hasa kwa ushauri wa fimbo. La mwisho: hao ruba mnawatunzaje? Sijawahi kuvua nao.

---

Jabali_la_Duluth

Chombo chenye kifuniko, maji baridi yasiyo na klorini, kwenye friji, unabadilisha maji kila siku. Watakaa majuma kadhaa. Ndoana ipite kwenye kile kinyonyeo kipana, atajinyoosha na kucheza mwenyewe, wewe usimchezeshe. Ukitoka ziwani mwaga maji yote ya chombo cha chambo na uweke ya bomba yaliyolala usiku kucha, maana kubeba maji ya ziwa barabarani ni kosa kisheria. Chambo kilichobaki na hukihitaji kinakwenda kwenye takataka, hakimwagwi ziwani.

---

Mshipi_Mrefu (mleta mada)

Nimeelewa wakuu. Jumamosi jioni upepo unatabiriwa kutoka kusini magharibi, kwa hiyo naanza na mwamba wa upande wa kaskazini mashariki ambako mawimbi yatakuwa yanapiga. Jigi ya gramu 7 kwanza mpaka jua lizame, kisha samaki bandia. Nitaleta mrejesho wa kina walichokuwa wanakula.