Mjadala: Treni zikipewa kampuni binafsi, abiria wa Nguruka anapata nini?

Wadau, tangu SGR, reli yetu mpya ya kisasa, ianze kubeba abiria mwaka 2024, treni ikichelewa kidogo tu utasikia: wapewe watu binafsi, serikali haiwezi biashara. Napinga, kwa sababu tulishajaribu.

Oktoba 2007 reli ya kati, ile ya Dar hadi Kigoma na Mwanza, ilikabidhiwa kampuni ya TRL kwa mkataba wa miaka 25, kampuni ya RITES ya India ikiwa na hisa 51% na serikali 49%. Tukaishia kwenye vichwa vya treni vya kukodi kutoka India na migomo ya wafanyakazi wanaodai mishahara, huku abiria wakikwama stesheni. Kufikia 2011 mwekezaji alikuwa ameshaondoka. Kenya na Uganda nao waliipa reli yao kampuni binafsi ya RVR mwaka 2006, mkataba ukavunjwa 2017.

Ni kweli serikali iliiacha reli ikachakaa miaka mingi kabla ya hapo. Lakini angalieni pesa ilipo: kwenye mizigo. Kampuni yenye vichwa vichache vinavyotembea itavifunga kwenye makontena, si kwenye mabehewa ya daraja la tatu yanayosimama vituo vidogo vya njia ya Kigoma: Urambo, Kaliua, Nguruka na Uvinza. Wala siilaumu, imekuja kutafuta faida. Mama wa Nguruka mwenye magunia mawili ya mchele hana faida ya kumpa mtu yeyote, ila bila treni hiyo mchele wake haufiki sokoni.

Treni ya mjini Dar, ile tuliyoiita ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, ilianza 2012. Ya Moshi ilirudi Desemba 2019, Arusha 2020, baada ya miaka mingi ya reli kulala. Zote zimekuja mwekezaji akiwa hayupo.

Najua mtanitajia Japani, waliobinafsisha 1987. Tokyo sawa, watu wamejaa. Hokkaido, kwenye watu wachache, kampuni ya reli inapata hasara na imefunga njia kadhaa. Sisi Kigoma yetu inafanana na ipi kati ya hizo?

Nitakubali mkataba ukiandika safari ngapi kwa wiki, vituo gani, nauli ya daraja la tatu isizidi kiasi gani, na ruzuku ya serikali iwekwe wazi bungeni. Anayetetea ubinafsishaji atuambie: treni ya Kigoma ikipata hasara, nani atalipa?