Aliyeniuzia samaki wa mandarini alijua samaki atakufa njaa, na hela akachukua

Wakuu, mnisamehe leo sina salamu ndefu. Nimeamka nimemkuta mandarini wangu kalala ubavu nyuma ya jiwe, kaa wameshaanza kumla mkia. Rangi zake zilezile, buluu na machungwa utadhani kapakwa jana usiku, ila tumbo limeshikana na mgongo. Nimekaa naye wiki saba. Zile nne za mwisho nilikuwa namwangalia anakonda kila siku na sina la kufanya.

Sasa nieleze nilivyopigwa.

Nilimwambia muuzaji wazi kabisa: tangi langu la maji chumvi ni lita 90, lina miezi miwili tu. Akanijibu, "Huyu hana shida bosi, anakula chochote, halafu haugui." Akanipa na dhamana ya siku saba. Siku saba! Mimi nikaona mtu anajiamini. Kumbe ndiyo mtego wenyewe. Mandarini hafi ndani ya siku saba. Akiingia kwenye tangi lako anakuta kopepodi, vile vijidudu vya majini, wachache waliozaliana kwenye mawe hai (mawe ya baharini yenye viumbe ndani yake), anawadonoa, wewe unafurahi kwamba anakula. Wakishaisha anaanza kula mwili wake mwenyewe, polepole. Siku anakufa, dhamana ilishapita zamani, na lawama zinakuangukia wewe kwamba hukutunza maji.

Maji yangu yalikuwa safi, nyuzi 25, chumvi sawa, amonia hakuna. Samaki hakufa kwa maji.

Kwa wasiojua, huyu samaki ana urefu wa sentimita sita, saba hivi, na mdomo mdogo ajabu. Huko baharini, Pasifiki ya magharibi, anashinda mchana kutwa kwenye mawe akidonoa vijidudu kimoja kimoja. Hana habari ya chakula cha asubuhi na jioni kama samaki wengine. Ukimtupia mara mbili kwa siku ni kama umemtupia bure, hata kama angekuwa anakila. Na wangu hakuwa anakila.

Nilijaribu, msije mkasema sikujaribu. Nimezima pampu, nimechukua bomba refu, nimemshushia taratibu atemia, vile vikamba vidogo, waliogandishwa mpaka mbele ya pua. Mmoja kamwangukia kabisa kichwani. Akazungusha jicho moja, yale macho yake yanageuka kama ya kinyonga, akamtazama, akasogea pembeni akaenda kudonoa jiwe ambalo mimi najua halina kitu. Wale samaki klauni wangu wawili wakashuka wakafagia. Kila siku hadithi ndiyo hiyo. Samaki anayeona chakula ni kile kinachochezacheza, unamwekea maiti iliyoganda, atajuaje kama ni chakula?

Halafu kuna nyinyi washauri humu. Niliuliza humuhumu wiki ya tatu, nikajibiwa "mwache alale njaa siku mbili tatu, atakula tu, samaki ni samaki." Wakuu, ushauri huo unafaa kwa samaki mwenye kuringa. Huyu hakuwa anaringa. Siku mbili tatu za njaa kwa mnyama anayekula kila dakika mnazionaje? Mwingine akaandika mandarini ni mgumu kwa sababu hana magamba, ana ute mzito, ugonjwa wa madoa meupe haumshiki kirahisi. Hilo la ute ni kweli kabisa, na ute wenyewe unanuka na ni mchungu. Ila ute hauzuii njaa, ndugu yangu.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki. Siku ileile, mtu yuleyule, aliniuzia na yule samaki mwembamba mwenye mistari sita ubavuni. "Watakaa vizuri pamoja." Baadaye ndiyo nagundua yule naye ni mwindaji wa kopepodi, tena mwepesi mara kumi. Yaani kaniuzia midomo miwili na sahani moja, na sahani yenyewe tupu.

Kosa langu lipo pia, nalisema. Nilinunua chupa ya kopepodi hai nikaimwaga mchana, taa zinawaka, pampu zinazunguka, skima (ile mashine ya kutoa uchafu kwa povu) inafanya kazi. Nadhani nusu waliishia kwenye kikombe cha skima na nusu matumboni mwa klauni. Unatakiwa kuwamwaga usiku, pampu zimezimwa, karibu na mawe, wapate pa kujificha. Hilo nimelijua chupa ya pili, na hata hivyo chupa moja kwa mandarini mwenye njaa ni vitafunio tu.

Alichotakiwa kuniambia yule jamaa hakizidi dakika moja. Kwamba subiri tangi liive, miezi sita mpaka mwaka. Kwamba lita 90 ni ndogo, anza na 200 na mawe hai ya kutosha. Kwamba weka tangi dogo la pembeni lenye mwani na taa yake, samaki wasifike, kopepodi wazaliane humo wawe wanamwagikia tangi kubwa. Usiku washa tochi uangalie kioo, ukiona vinukta vyeupe vinakimbia kila mahali ndipo urudi kununua. Au niletee aliyezalishwa kwenye matangi, aliyezoeshwa chakula cha punje tangu mdogo. Wapo. Ningesubiri, wallahi ningesubiri.

Lakini angesema hivyo asingeuza siku ile.

Mchana nimeenda dukani. Sikwenda kudai hela, nilitaka aniangalie usoni. Nimekuta ana wengine watatu kwenye kisanduku kimoja cha kioo, hakuna hata jiwe. Wawili ni madume, ule mwiba mrefu wa pezi la mgongoni unaonekana kabisa, na mmoja pezi limechanika kwa sababu madume wawili hawakai pamoja, wanapigana mpaka mmoja aishe. Ukiwatazama kwa juu, nyuma ya kichwa pameshabonyea. Nikamwambia, walishe nione. Akatupa punje. Punje zikatua chini, zikakaa. Akasema, "Wameshiba hawa." Mmoja alikuwa anadonoa kioo kitupu, dok, dok, dok.

Nyuma yangu kuna mama kaja na mtoto, mtoto kashika kioo anamtaka wa buluu. Mama akauliza anakula nini. Jamaa, mbele yangu, bila hata kupepesa: "Anakula chochote."

Nikamwambia yule mama yote niliyoyaandika hapa. Nimefukuzwa dukani kama mwizi. Mama aliondoka na konokono wawili.