Bumu likitoka nihamishie akaunti gani? Msaada wakuu

Mtoto wa Malimbe: Wakuu, habari za jioni. Niko mwaka wa pili, nimepanga Malimbe, Mwanza. Nataka akaunti mpya isiyo na makato ya mwezi, bumu, ile hela ya kujikimu ya bodi ya mikopo, liwe linaingia huko. Ya zamani inanisumbua. Siku ya pili leo silali.

Bwana Dagaa: Benki nyingi zina akaunti ya wanafunzi. Beba NIDA na kitambulisho cha chuo. Mimi bumu langu la kwanza nilizamisha kwenye dagaa, Mwaloni Kirumba. Mvua ikapiga siku tatu, hawakukauka, nikauza kama chakula cha kuku. Godoro lilinuka hadi mtihani wa mwisho.

Dada wa Igoma: Makato hayamnyimi mtu usingizi. Kadi iko wapi?

Mtoto wa Malimbe: Iko kwa mtu.

Dada wa Igoma: Mtu gani?

Mtoto wa Malimbe: Haya. Nilikopa laki mbili kwa mzee mmoja wa kausha damu, ile mikopo ya riba kali, nikamwachia kadi na namba ya siri. Nikachukua PS3 ya mtumba, watu wanacheza geto, mia tano gemu. Si kamari, ni biashara! Ijumaa nilikuwa nalaza buku tano mpaka mwenye nyumba alipoanza kelele za luku. Fomu ya akaunti nimeshajaza, msiniambie nirudi kwa yule mzee.

Mzee wa Kanisani: Unakopeshwa elfu kumi kwa siku ule, wewe unanunua pedi za gemu. Mcheni Mungu vijana.

Dada wa Igoma: Akaunti usiikimbie. Kesho asubuhi nenda tawini, wafungie kadi, wakupe nyingine na namba mpya. Akaunti inabaki ileile. Ukibadilisha sasa hivi, taarifa zikipishana na za bodi, wenzako watakula wewe ukipanga foleni kwa afisa mikopo. Deni la mzee mkaandikishane kwa mwenyekiti wa mtaa, ulipe kidogokidogo.

Popo wa Kamanga: Chai hii. Wiki jana kwenye uzi wa magari ulisema una watoto wawili na Noah.

Mtoto wa Malimbe: Simu tunatumia na braza.

Popo wa Kamanga: Braza ndiye kausha damu 😂😂

Mtoto wa Malimbe: Turudi kwenye mada. PS naitoa laki na nusu, pedi mbili, moja X inakwama.

Bwana Dagaa: Niko Kirumba. Laki taslimu, na hiyo ya X uifungue mbele yangu.